Je, Mungu Anapendezwa na Mateso Yetu?



Katika maswali yote ambayo mwalimu wa dini huulizwa, hakuna lililo zito kuliko hili: ikiwa Bwana wetu Yezu Kristu alitukomboa kwa mateso yake, je, mateso ni kitu chema? Na kama ni kitu chema, mbona twalia? Swali hili halikutungwa na wenye elimu ili kujaribiana akili. Huulizwa na mama aliyekimbia kutoka Oicha, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, ambaye shamba lake la kakao limebaki bila mvunaji. Huulizwa na mzee wa Mbau aliyezika wana kabla ya kuzikwa nao. Huulizwa na kijana wa Mangina ambaye wazazi wake walichukuliwa na Ebola. Watu hao husikia kanisani kwamba Msalaba ni wokovu wetu, kisha hurudi nyumbani wakijiuliza kama panga lililowaua ndugu zao nalo lilitumwa na Mungu.

Kwetu Butembo na Beni swali hili haliwezi kuachwa bila jibu. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 waasi wa ADF, ambao asili yao ni Uganda, na wauaji wengine pamoja nao, wameua maelfu ya watu katika eneo la Beni na jirani zake. Majina ya Ngadi, Eringeti, Oicha, Mbau na Rwangoma yamekuwa majina ya maombolezo. Katika taabu hiyo ikaingia Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa.

Basi katika vilio vyetu twasikia maneno mengi. Mmoja humwambia mjane: Mungu amependa. Mwingine humwambia: shukuru, maana mateso ni zawadi. Wa tatu hunong'ona pembeni kwamba pengine ukoo huu una dhambi ya siri. Wasemao hivyo si watu wabaya; wengi wao hutaka kufariji. Lakini dawa isiyo ya ugonjwa humdhuru mgonjwa, hata akiipewa na rafiki. Yatupasa kujua Kanisa linafundisha nini juu ya jambo hili, ili tusiwaumize waliokwisha kuumizwa.

1. Mateso si alama kwamba Mungu amemkasirikia mtu

Ni kweli kwamba mateso na kifo viliingia duniani pamoja na dhambi. Ni kweli pia kwamba mtu aweza kuvuna taabu aliyoipanda mwenyewe: mlevi huharibu mwili wake, na mwizi hupata kifungo. Lakini tukianza kumwangalia kila mwenye taabu na kutafuta dhambi yake, tumeiacha Injili.

Rafiki za Ayubu walifanya hivyo. Walipomwona ana vidonda, amepoteza watoto na mali, walimhubiria kwamba hakika alikuwa amekosa. Mwisho wa kitabu, Mungu aliwakasirikia rafiki hao, akasema kwamba hawakunena yaliyo ya kweli. Tena Mtakatifu Luka anatuambia kwamba watu walimpasha Bwana Yezu habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua walipokuwa wakitoa sadaka. Naye akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama hao wote walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawaonya wale waliokuwa wazima watubu. Angalieni jinsi alivyogeuza swali. Wao walitaka kuwachunguza wafu. Yeye akawataka wajichunguze wenyewe.

Tuwatazame na watu wa kwetu. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012, mapadri watatu wa Shirika la Asumpsio walichukuliwa kwa nguvu katika parokia yao ya Mbau. Je, watu hao waliokaa huko kuwahudumia Wakristu walikuwa wakosefu kuliko sisi tuliolala salama usiku ule? Hakuna anayethubutu kusema hivyo. Basi tusithubutu kusema hivyo juu ya mkulima aliyeuawa shambani mwake, wala juu ya mtoto aliyeuawa usingizini.

2. Mateso yenyewe si kitu chema

Wengine hukimbia kosa la kwanza wakaangukia la pili. Husema: Mungu hakumkasirikia huyu, bali anampenda, ndiyo sababu amempelekea mateso, kwa hiyo asitafute dawa, asikimbie, asilalamike. Maneno hayo yana sauti ya utakatifu, lakini hayapatani na mwenendo wa Mwokozi wetu.

Alipomkuta mwenye ukoma, Bwana Yezu hakumwambia abaki na ukoma wake kwa faida ya roho, alimponya. Alipofika kaburini kwa Lazaro, alilia. Wenyeji wa Nazareti walipotaka kumtupa kutoka kilimani, alipita katikati yao akaenda zake, kwa maana saa yake ilikuwa bado. Katika shamba la Getsemani alimwomba Baba yake kikombe kile kimwondokee. Na mtumishi alipompiga kofi mbele ya kuhani mkuu, hakushukuru kwa kofi lile. Alimwuliza kwa nini anampiga. Yeye aliyekuja kutufia hakuita kofi jema.

Kumbukeni pia kwamba Mtakatifu Yosefu aliondoka usiku na Mtoto na Mama yake, wakakimbilia Misri, kwa sababu mfalme Herode alitaka kuua. Jamaa Takatifu ilikuwa jamaa ya wakimbizi. Kwa hiyo yule aliyefunga mzigo wake Eringeti akashika njia usiku hakukosa imani. Tena wakati wa Ebola, aliyepeleka mgonjwa wake kwa madaktari na kupokea chanjo hakupinga mapenzi ya Mungu. Mungu aliyemtuma Mwanawe kuponya wagonjwa hachukizwi na anayetafuta uponyaji.

Lakini mtauliza: Mungu mwenye nguvu zote asingeweza kuuzuia mkono wa mwuaji? Kanisa hutufundisha kwamba Mungu hataki uovu kamwe, ila huuachilia, kwa kuwa amewaumba watu wenye uhuru, naye ajua kutoa mema hata katika mabaya. Kuachilia si kupenda. Mwuaji hafanyi kazi ya Mungu. Anaikanyaga amri yake ya tano. Hata hivyo sidai kwamba maelezo haya yatakausha machozi ya mama aliyefiwa. Ayubu naye aliuliza sana, wala hakuelezwa kwa nini. Alichopewa ni Mungu mwenyewe kuja kusema naye. Na sisi tumepewa zaidi ya Ayubu. Katika Yezu Kristu, Mungu amekuja kukaa upande wa yule anayeuawa.

3. Kilichotukomboa ni mapendo

Sasa tufike katika kiini cha fundisho. Ikiwa mateso si kitu chema, mbona tunasema kwamba mateso ya Kristu yametuokoa?

Twendeni Kalvari tukatazame. Kulikuwa na misalaba mitatu. Watu watatu walipigiliwa siku ile moja, chini ya jua lile lile, mbele ya askari wale wale. Kama maumivu peke yake yangeweza kukomboa, basi wote watatu wangekuwa wakombozi. Lakini mmoja alitukana mpaka mwisho. Wa pili alitubu, akaokolewa. Wa tatu ndiye aliyeokoa. Maumivu yalifanana. Tofauti ilikuwa ndani ya moyo. Yezu Kristu, Mwana wa Mungu, alimtii Baba na kutupenda sisi mpaka mwisho, hata walipokuwa wakimwua. Naye aliwaombea msamaha wale wale waliompigilia. Mapendo hayo ndiyo yaliyotukomboa. Misumari haikuwa na wema wowote. Ilikuwa kazi ya uovu, na mapendo yakaushinda uovu huo mahali pale pale ulipojidhania umeshinda.

Nitawapa mfano ambao wengi wenu waliuona kwa macho. Wakati wa Ebola, mama alipougua alitengwa katika nyumba ya wagonjwa, na mtoto wake mchanga, hata kama hakuwa na ugonjwa, ilimpasa kuangaliwa siku 21. Nani amshike mtoto huyo? Jamaa waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu. Basi Beni na Butembo zilifunguliwa nyumba za kulelea watoto hao karibu na vituo vya wagonjwa, nao waliowalea walikuwa watu waliokwisha kuugua Ebola wakapona. Miili yao ilikuwa imepata kinga. Waliweza kumbeba mtoto, kumnywesha maziwa, na kumtuliza alipolia usiku, wakati ambapo wengine hawakuthubutu kumgusa. Na wengi wa waliopona walikuwa wamefiwa, tena walikuwa wakiepukwa na majirani.

Fikirini vizuri jambo hilo. Je, tuseme kwamba Ebola ilikuwa njema kwa kuwa ilimpatia yule mama kinga ya kumlea mtoto wa mwenziwe? Hapana. Ebola ilikuwa adui, nasi tulimshukuru Mungu ilipokwisha. Tena wengine walipona wakarudi kwao bila kumshika mtoto wa mtu, wala hatuwalaumu. Homa haikumlea mtoto yeyote. Aliyemlea ni mama yule, aliyetoka katika maumivu yake akarudi karibu na mahali alipoteseka, kwa sababu ya mapendo. Lakini maumivu yake hayakupotea bure: yaligeuka kuwa mlango wa kumfikia yule ambaye wengine hawakuweza kumfikia.

Huo ni mfano mdogo, na mifano yote hupungua mbele ya fumbo la Mungu. Hata hivyo unatusaidia kuelewa. Bwana Yezu aliingia katika taabu yetu na kifo chetu, akafufuka, na sasa aweza kutushika mahali ambapo hakuna mtu mwingine awezaye kutufikia. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyepigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 akamsamehe aliyempiga, aliandika barua juu ya mateso ya wanadamu tarehe 11 Februari 1984. Katika barua hiyo alifika mpaka kwa Msamaria mwema, akafundisha kwamba mateso ya mmoja hutuita sisi wengine tutoe mapendo. Aliyelala njiani akivuja damu hakuwepo kwa ajili ya hotuba. Alihitaji mafuta, divai, kitambaa na mnyama wa kumbeba.

4. Chemchemi na mfereji

Mtakatifu Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wakolosai kwamba katika mwili wake anatimiza yale yanayopungua katika mateso ya Kristu kwa ajili ya Kanisa. Wengi hushangaa. Je, ukombozi wa Kristu una upungufu?

Hauna. Tazameni chemchemi za milima yetu. Maji yapo mengi juu kilimani, usiku na mchana, wala hakuna anayeweza kuongeza tone katika chanzo chake. Lakini kijiji kilicho bondeni hukaa na kiu mpaka watu watie mfereji. Kinachopungua si maji. Kinachopungua ni njia ya kuyafikisha. Ukombozi ni chemchemi iliyojaa. Mkristu anayeunganisha taabu yake na sadaka ya Kristu, akaitoa kwa ajili ya wengine, hujitoa awe mfereji.

Kwa hiyo yule mama mkimbizi anayepanda mlima na mzigo wa kuni kichwani aweza kusema asubuhi: Bwana, uchovu wa leo nakupa, pamoja na sadaka yako, kwa ajili ya watoto wangu na kwa ajili ya wale waliotufukuza. Sala hiyo ni fupi, lakini mbele ya Mungu si ndogo. Na kusali hivyo hakumkatazi kutafuta njia ya kuupunguza mzigo.

Lakini shikeni sana neno hili: anayeweza kutoa mateso ni yule anayeteswa. Hakuna anayeweza kuyatoa kwa niaba yake, wala kumlazimisha ayapende. Mume anayempiga mkewe, kisha akamwambia abebe msalaba wake kama Mkristu, hasemi kwa kinywa cha Kristu. Yeye ndiye askari mwenye nyundo. Tajiri anayemnyima kibarua ujira wake, kisha akamhubiria uvumilivu, naye ni hivyo hivyo. Msalaba hupokewa kwa hiari. Hautwikwi begani mwa mwingine. Ukijikuta karibu na msalaba wa mwenzako, nafasi yako ni ile ya Simoni wa Kirene, aliyetia bega chini ya mti ule.

Na watoto wachanga waliouawa, ambao hawakuweza kutoa chochote? Kanisa huwakumbuka kila tarehe 28 Desemba watoto wa Betlehemu waliouawa na Herode. Hawakumjua Kristu, hawakusema neno, lakini Kanisa huwaita watakatifu. Yule waliyeuawa kwa ajili yake aliwakumbuka. Nasi twawaweka watoto wetu wa Beni mikononi mwake.

5. Kubeba msalaba si kunyamaza

Kuna wanaodhani kwamba Mkristu mvumilivu ni yule asiyesema kitu mbele ya udhalimu. Mchungaji mmoja wa jimbo letu alitufundisha vingine.

Askofu Emmanuel Kataliko, mzaliwa wa Lukole karibu na Butembo, aliongoza jimbo letu kuanzia mwaka 1966 mpaka 1997, kisha akawa Askofu Mkuu wa Bukavu. Huko alimrithi Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Bukavu ikaangukia chini ya utawala wa waasi wa RCD. Wakati wa Noeli ya 1999 Kataliko aliwaandikia waamini wake barua, akawafariji, tena akalaumu waziwazi wageni waliofanya vita kwa mali ya nchi yetu na wananchi waliowasaidia. Barua hiyo iliwachoma wakubwa. Tarehe 12 Februari 2000 walimwondosha kwa nguvu katika jimbo lake, akakaa kama mfungwa hapa Butembo muda wa miezi saba. Aliruhusiwa kurudi tarehe 14 Septemba 2000, siku ya Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Siku chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, alikufa Roma.

Je, Askofu huyo aliyapenda mateso? Aliwapenda watu wake, nayo mateso yakamfuata kwa sababu hiyo. Hakuwaambia wenye njaa kwamba njaa ni nzuri. Alisema kwamba wanaonyang'anywa, naye akalipa gharama ya kusema. Hivyo ndivyo tunavyopaswa kuelewa neno la kubeba msalaba: kutenda mema na kusema kweli, na gharama ikija, tusikimbie wema wenyewe. Kuna taabu tunayopaswa kuiondoa kwa bidii yote, kama njaa, ugonjwa na uonevu. Na kuna taabu inayotupata kwa sababu tunaondoa hiyo ya kwanza. Ile ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na Msalaba wa Bwana.

6. Wala si kulipiza kisasi

Maumivu yakikaa ndani ya mtu bila mapendo, hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea mkononi. Aliyeumizwa huumiza, kijana aliyeona baba yake akiuawa hutamani panga. Twaielewa tamaa hiyo, wala hatumcheki. Lakini kisasi hakimrudishi mfu. Huzaa mjane mwingine katika kijiji kingine.

Kaskazini yetu, mjini Isiro, Sista Marie-Clémentine Anuarite wa Shirika la Jamaa Takatifu aliuawa usiku wa tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Kanali mmoja alimtaka kwa nguvu, naye akakataa katakata. Akapigwa, na kabla ya kufa alimwambia aliyempiga kwamba anamsamehe. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Angalieni mambo mawili aliyoyaunganisha. Hakuukubali uovu hata kidogo, wala hakumchukia mtenda uovu. Asiyejua kusema hapana hajaiga mfano wake, wala asiyejua kusamehe.

Na tarehe 1 Februari 2023, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikutana mjini Kinshasa na watu walioteswa katika vita vya mashariki. Kijana mmoja wa upande wetu wa Beni alisimama, akaeleza jinsi baba yake alivyouawa, kisha akaweka panga chini ya Msalaba, akasamehe. Hakusema kwamba yaliyotendeka si kitu. Mtu hasamehi kitu kisicho kosa. Wala msamaha haufuti kazi ya mahakama: mwuaji apaswa kukamatwa na kuhukumiwa, ili wengine wapate kulala salama. Lakini panga lililowekwa chini ya Msalaba halitaua tena, na moyo uliolitua umeanza kupona.

7. Tuseme nini kilioni?

Turudi basi kwa mjane wetu. Kesho mtaitwa kilioni. Mtamwambia nini?

Msimwambie kwamba Mungu amependa mumewe auawe, maana si kweli. Msimwambie ashukuru kwa panga. Msiulize ukoo wake ulikosa nini. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walikosa walipofungua vinywa. Na Mama Bikira Maria alipokuwa amesimama chini ya Msalaba, Injili haiandiki neno lolote alilosema. Alisimama pale tu, hakuondoka.

Basi nendeni, kaeni chini naye. Pelekeni maji, kuni, maharage na unga. Waangalieni watoto wake ili alale kidogo. Mkiwa na nafasi, mlimieni shamba lake. Akiuliza kwa nini, lieni pamoja naye. Na wakati wake ukifika, mwambieni yale tunayoyajua kwa hakika: kwamba Mungu hakuwa upande wa mwuaji, kwamba Kristu naye aliuawa, na kwamba siku ya tatu alifufuka. Alipowatokea mitume, alikuwa bado na alama za misumari mikononi, na Tomaso aliziona. Madonda yake hayakufutwa kana kwamba hayakutokea. Yaligeuzwa kuwa utukufu. Hilo ndilo tumaini tunalolingojea kwa wafu wetu.

Ninyi wakatekumeni, siku mlipopokelewa mlitiwa alama ya Msalaba katika paji la uso. Alama hiyo haikuwa ahadi kwamba mtateswa zaidi ya wengine, wala kwamba hamtateswa. Mlitiwa alama ya yule aliyependa mpaka mwisho, ili nanyi mpende. Jiandaeni kwa Ubatizo mkiijifunza.

Ya kushika kwa moyo

Swali: Je, kila anayeteswa ameadhibiwa kwa dhambi yake?
Jibu: Sivyo. Ayubu alikuwa mwenye haki akateswa. Naye Yezu Kristu hakuwa na dhambi kabisa.

Swali: Je, Mungu anapendezwa na mateso yetu?
Jibu: Hapana. Mungu anapendezwa na mapendo. Uovu huuachilia, lakini hautaki.

Swali: Ni nini kilichotukomboa Msalabani?
Jibu: Utii na mapendo ya Yezu Kristu, aliyejitoa kwa Baba kwa ajili yetu sote, akafa, akafufuka.

Swali: Mkristu afanye nini na mateso yake mwenyewe?
Jibu: Atafute nafuu kwa njia ya haki, na taabu inayobaki aiunganishe na sadaka ya Kristu kwa ajili ya wengine.

Swali: Na afanye nini na mateso ya jirani yake?
Jibu: Aende kumsaidia kuyabeba.